Kuwahi kuomba nafasi ya sheria: kuna faida, au ni pupa tu?

#1 Kijana wa Mokowe
Assalamu alaikum, na habari zenu wote. Nina dai, halafu nina swali. Dai langu ni kwamba kwenye sheria anayewahi kuomba ndiye anayepata. Mdogo wangu alifanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Novemba 2025: wastani B, Kiswahili B, Kiingereza C+. Nyumbani tumegawanyika. Kuna wanaotaka akimbilie chuo cha kibinafsi aingie na kundi la Mei, na kuna wanaotaka asubiri KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi vyuo kwa niaba ya serikali, aanze Septemba. Mimi niko na wa Mei. Miezi minne si midogo. Nimekosea wapi?

#2 Mla Mahamri
Umekosea kudhani sheria ni mashua ya Mokowe, ukichelewa jetini inakuacha. Endeleeni, mimi nashusha chai.

#3 Wakili wa Baraza (Malindi)
Kijana, hesabu yako umeianza mwanzo. Ianze mwisho. Mwisho ni Karen, Nairobi, iliko Kenya School of Law, chuo cha mwisho kabla ya uwakili. Masomo ya uwakili, ATP, huanza mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Februari. Huo ndio mlango, na kila mwezi unaouokoa kabla yake una maana tu kama unakufikisha kwenye Februari iliyotangulia.

Tuhesabu. Digrii ya sheria ni miaka 4.

Akianza Mei 2026 chuo cha kibinafsi, anamaliza kama Aprili 2030. ATP ni Februari 2031.

Akianza Septemba 2026 kwa KUCCPS, anamaliza katikati ya 2030. ATP ni Februari 2031.

Akianza Januari 2027, anamaliza Desemba 2030. ATP ni Februari 2031 kama karatasi zote ziko mkononi, na hapo ndipo watu huangukia 2032.

Sasa niambie, ile miezi minne ya Mei imekwenda wapi? Imekaa barazani ikingoja Februari ileile.

Baada ya kuingia Karen kuna masomo tisa, mtihani wa maandishi mwishoni mwa mwaka, kisha miezi 6 ya uanagenzi kwa wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua 5, kisha ombi kwa Jaji Mkuu. Kwa hivyo yule wa Mei na yule wa Septemba wote wataapishwa mwaka 2032, yumkini siku moja.

#4 Kijana wa Mokowe
Lo. Hiyo sikuiona. Basi Mei haina faida hata moja?

#5 Binti wa Shela
Inayo, Wakili amepita juu kwa juu. Hesabu yake ni ya mwanafunzi asiyeanguka somo na chuo kisichopoteza alama. Nani kawaona hao?

Mambo matatu hula muda kati ya mtihani wa mwisho na Karen. La kwanza ni sapu: ukianguka somo moja mwaka wa nne, mtihani wa marudio huja baada ya miezi. La pili ni alama zilizopotea. Ulifanya mtihani wa mwaka wa pili, transkripti, ile orodha ya alama zako, inaonyesha pengo, na mhadhiri aliyekufundisha alihama. Mpaka karatasi itafutwe, isahihishwe, ipite kwenye bodi ya kitivo, miezi imekwisha. La tatu ni mahafali. Chuo kinaweza kuwa na sherehe moja au mbili tu kwa mwaka, na cheti hakitoki kabla ya hapo. Sheria ya Kenya School of Law inamkubali aliyekwisha kustahili digrii hata kama hajaivaa joho, lakini lazima chuo kikupe barua ya kuthibitisha umemaliza, na barua hiyo haitoki kama transkripti ina pengo.

Kwa hivyo miezi minne ya Mei si ya kumfikisha mapema. Ni akiba. Ni kama kujaza tangi la maji kabla ya kiangazi.

#6 Wakili wa Baraza (Malindi)
Akiba nakubali. Lakini Binti, akiba ya karo ya kibinafsi kwa miaka 4 ni ghali mno kuliko kufuatilia alama zako kila muhula. Mwanafunzi atoe transkripti ya muda kila mwaka unapokwisha, aikague somo kwa somo. Pengo likionekana mwaka wa pili, mhadhiri bado yuko chuoni.

#7 Fundi wa Fomu (Langoni)
Mimi kazi yangu ni saiba, kujazia watu fomu mtandaoni, kwa hivyo nitasema upande wa fomu. Dai la #1 kwa KUCCPS si kweli kabisa. Ukituma dakika ya kwanza au saa ya mwisho, ni mamoja. Mtambo unangoja dirisha lifungwe, halafu unapanga waombaji wa kozi kwa alama za klasta, yaani za masomo yanayohesabiwa kwa kozi hiyo, kutoka juu kwenda chini hadi nafasi zijae. Wanaokuja hapa alfajiri siku ya kufunguliwa wanapata kitu kimoja tu: tovuti nzito.

Lakini msiniulize saa tano za usiku wa mwisho pia. Sababu yake haihusiani na foleni. Ni kwamba mambo yakiharibika hakuna muda wa kuyatengeneza:

Kuingia mnahitaji nambari ya mtihani ya KCSE yenye tarakimu 11, mwaka wa mtihani, na neno la siri la mwanzo ambalo ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au nambari ya mtihani wa KCPE, ule wa darasa la nane. Inategemea shule iliandika nini wakati wa usajili. Ikikataa, ndipo mbio huanza.

Ada ni shilingi 1,500. Ukilipa halafu ujumbe wa M-Pesa ukaja lakini mfumo haujauona, usilipe tena. Ngoja, pakia upya ukurasa.

Na mwisho, baada ya kutuma, toka, ingia tena, uone kozi ulizochagua zimekaa kwa mpangilio uleule. Wako wanaobonyeza na kuondoka, kumbe netiweki ilikatika katikati.

#8 Maalim wa Siyu
Fundi amesema kweli. Niongeze hesabu yenyewe, maana wazazi wengi wanatazama wastani tu. Klasta ya sheria inachukua masomo manne: Kiingereza au Kiswahili, Hisabati au somo moja la sayansi, somo moja la kundi la tatu kama Historia, Jiografia au Dini ya Kiislamu, na jingine moja kutoka makundi yaliyobaki, ambalo linaweza kuwa la pili la kundi la tatu. A ni 12, A- ni 11, hivyo hivyo kushuka hadi E ambayo ni 1.

Chukua mtoto mwenye Kiswahili B (9), Biolojia B- (8), Dini A (12), Historia A- (11). Jumla 40 kati ya 48. Masomo yake saba yana jumla ya 62 kati ya 84. Gawa 40 kwa 48, gawa 62 kwa 84, zidisha majibu mawili, tafuta kipeo cha pili, zidisha kwa 48. Inakuja 37.6.

Sasa mtoto huyohuyo angepata A- ya Kiswahili: manne yanakuwa 42, saba yanakuwa 64, na klasta inapanda hadi 39.2. Somo moja limempandisha zaidi ya alama moja na nusu. Kwenye kozi ya sheria alama moja na nusu ni watu wengi mno.

#9 Ngomeni_77
Maalim, shukrani, lakini weka tahadhari hapo. Hesabu hiyo ya mkono inakaribia tu. Mfumo wa KUCCPS hautumii herufi peke yake, unatazama pia alama halisi ulizopata ndani ya somo, kwa hivyo watoto wawili wenye herufi sawasawa hutoka na klasta tofauti, na mara nyingi ya tovuti huwa chini kuliko ya daftari. Mzazi asije akapigana na mwalimu kwa ajili ya desimali. Mtoto akiingia kwenye ukurasa wake, klasta zake zote ameandikiwa.

Jambo la pili: ile alama ya mwisho inayoonyeshwa kando ya kila kozi ni ya mwaka uliopita. Si kizingiti cha mwaka huu. Hupanda na kushuka kulingana na walioomba. Ukiwa chini yake kwa nusu alama bado jaribu; ukiwa chini kwa alama nne, hiyo nafasi umeichezea.

#10 Maalim wa Siyu
Nimekubali sahihisho la kwanza. La pili ndilo ninalowaambia kila mwaka na hawasikii.

#11 Mla Mahamri
Mimi nataka kujua huyu mtoto wa Lamu alipataje B tu ya Kiswahili. Kiswahili si chetu?

#12 Maalim wa Siyu
Ndicho chetu ndiyo maana. Mtoto wa Amu anaandika insha: "Yuwa lilipotoka, mama alipika mtele, tukafuata ndia moya." Nyumbani hiyo ni lugha safi kuliko ya radio. Kwenye karatasi ya KCSE ni makosa manne kwenye mstari mmoja. Mtoto wa bara aliyejifunza kitabuni hana cha kusahau. Huyu wetu ana cha kusahau kila sentensi.

#13 Mla Mahamri
Haya, nimenyamaza. Yuwa limenichoma.

#14 Mama wa Msabaha
Maalim, mtoto mwenye B- ya Kiswahili na C+ ya Kiingereza, wastani B, anaweza kuomba?

#15 Wakili wa Baraza (Malindi)
Bi, kwa KUCCPS fomu yenyewe itamkatalia kozi ya sheria. Kigezo ni wastani C+ na B, si B-, katika Kiingereza au Kiswahili. Moja inatosha. Mdogo wake Kijana wa #1 ameokolewa na Kiswahili. Kiingereza chake hakimzuii.

Na msidhani kigezo hicho ni cha chuo kikuu tu. Kimo pia kwenye jedwali la pili la sheria ya Kenya School of Law ya 2012. Karen wanaomba cheti cha KCSE hata baada ya digrii. Watu wamemaliza miaka 4, wamevaa joho, kisha wakarudishwa mlangoni kwa ajili ya herufi moja ya kidato cha nne.

#16 Ngomeni_77
Wakili, si lazima iwe hivyo. Ile "au" na ile "na" zinazounganisha digrii na KCSE kwenye jedwali zimebishaniwa mahakamani zaidi ya mara moja. Wako majaji waliosoma kwamba mwenye digrii ya sheria ya chuo cha Kenya haulizwi KCSE, na wako waliosoma kwamba anaulizwa. Aliyepanda ngazi, diploma kisha digrii, ana hoja.

#17 Wakili wa Baraza (Malindi)
Ana hoja, sikatai. Hoja si nafasi. Anayepanga muda hawezi kupanga kwa kutegemea kesi, maana kesi ina kalenda yake. Mwenye B- na miaka 18 akirudia KCSE anapoteza mwaka mmoja. Usajili wa watahiniwa binafsi hufungwa mapema mwaka, mtihani ni Novemba, matokeo Januari inayofuata. Mwaka mmoja leo au mashaka baada ya miaka 4, chagua.

#18 Binti wa Shela
Mimi ningesema diploma, kisha digrii. Mwaka wa kurudia si hakika kwamba B itapatikana, na diploma ni kitu mkononi. Mahakama hiyohiyo Wakili anayoiogopa ndiyo imefungulia wengine.

#19 Wakili wa Baraza (Malindi)
Imewafungulia na imewafungia. Tusirudie, Mama wa Msabaha amesikia pande zote.

#20 Mama wa Msabaha
Nimesikia, na nimechanganyikiwa vizuri. Nauliza la pesa sasa. Akipata KUCCPS, serikali inalipa?

#21 Fundi wa Fomu (Langoni)
Bi, hayo ni maombi mawili. KUCCPS inakupa nafasi. Pesa unaomba tena, kwenye tovuti nyingine, ile ya ufadhili wa elimu ya juu, baada ya kupangiwa chuo. Mtoto anapata ujumbe wa pongezi, nyumba nzima inapiga vigelegele, na fomu ya pili inasahaulika hadi barua ya karo ifike. Tena fomu ya pili inauliza mengi: kitambulisho cha mzazi, kipato, ndugu wangapi wako shule, aina ya nyumba, hata shule za nyuma alizosoma na karo yake. Kusanya hayo kabla.

Aliyepangiwa chuo cha kibinafsi kupitia KUCCPS anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, lakini ule msaada wa serikali usiorudishwa ni wa vyuo vya umma. Basari ya kaunti na ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, nazo zina tarehe zao. Kwa kawaida wanataka barua ya kukubaliwa na nambari ya usajili ya chuo, kwa hivyo aliyechelewa kuripoti hukosa mzunguko wa kwanza.

#22 Kijana wa Mokowe
Je, anaweza kuingia Mei kibinafsi na bado aombe KUCCPS, wakimpangia ahame?

#23 Binti wa Shela
Kuomba anaweza. Kuhama ndiko kugumu. Muhula mmoja alioulipia hautakubaliwa lazima kule aendako. Chuo kipya huamua somo gani wamhesabie, na mara nyingi humwanzisha mwaka wa kwanza pamoja na wenzake. Kwa hivyo karo ya Mei hadi Agosti imezama. Akitaka kujishika pande mbili, aombe chuo cha kibinafsi sasa apate barua, lakini asilipe karo. Barua yenyewe haina gharama kubwa, ni ada ya fomu. Vyuo vya kibinafsi ndivyo vinavyosoma maombi kadiri yanavyoingia, kwa hivyo dai lako la #1 lina ukweli pale. Darasa likijaa limejaa.

#24 Wakili wa Baraza (Malindi)
Na kabla ya kulipa hata hiyo ada ya fomu, atazame orodha ya Baraza la Elimu ya Sheria, CLE. Chuo kuwa na hati ya chuo kikuu si sawa na kuwa na leseni ya kufundisha sheria. Leseni ni ya kozi, na ina mwisho wake. Mtu anaona bango kubwa barabarani, jengo zuri, anaingia, kumbe leseni imekwisha na ya upya haijatolewa. Orodha iko kwenye tovuti ya CLE. Isome jina la chuo na jina la kampasi pia, si jina la chuo tu.

#25 Fundi wa Fomu (Langoni)
Sasa naomba mnisikilize kwa hili, maana ndilo linalowaangusha watu wa pwani kuliko klasta na leseni. Majina.

Cheti cha kuzaliwa: Mohamed. KCSE: Mohammed. Kitambulisho: Muhammad. Mtu ni mmoja, mtambo unaona watatu. Fatma, Fatuma, Fatima. Athman, Athuman, Othman. Halafu cheti cha KCSE kina majina mawili, kitambulisho kina matatu pamoja na la babu, na digrii itachapishwa kwa lile chuo kililoandika siku ya usajili. Miaka 4 baadaye Karen wanaweka KCSE, digrii na kitambulisho mezani pamoja, na hapo ndipo unaambiwa rudi nyumbani ukalete kiapo.

Dawa ina mpangilio. Jina la KCSE ndilo gumu kubadilisha, kwa hivyo hilo liwe ndilo mama, mengine yalifuate. Kijana akifika miaka 18 akienda kuomba kitambulisho, aende na karatasi ya matokeo na cheti cha kuzaliwa, ahakikishe afisa anaandika herufi kwa herufi. Asome fomu kabla ya kuweka vidole. Siku ya usajili chuoni vilevile. Tofauti ndogo ya herufi hutengenezwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, siku moja imekwisha. Kubadilisha jina lenyewe, kuongeza au kuondoa, ni hati ya kubadili jina inayosajiliwa Nairobi na kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Hiyo ni miezi. Usiianze Januari ya mwaka unaotaka kuingia Karen.

#26 Ngomeni_77
Fundi leo amehutubu. Na ni kweli tupu. Ila nasema si majina tu. Kwa vijana wa Lamu kitambulisho chenyewe kilikuwa kikichukua muda kwa sababu ya upekuzi wa kaunti za mpakani. Huwezi kulinganisha majina kwenye karatasi ambayo hujapewa.

#27 Maalim wa Siyu
Mimi naona sababu kubwa ni cheti cha KCSE kubaki shuleni kwa sababu ya karo. Watu wanatembea na karatasi ya matokeo miaka mitano wakidhani ndiyo cheti. Sheria ya KNEC, baraza la mitihani, ya 2012 haimruhusu mwalimu mkuu kuzuia cheti kwa deni. Deni lidaiwe kwa njia nyingine. Nasema nikiwa mwalimu, na wenzangu watanichukia.

#28 Mama wa Msabaha
Mimi naona ni umaskini, na hayo mengine yote ni watoto wake.

#29 Kusi na Kaskazi
Salamu kutoka mbali kidogo. Kuna mtu ataona uzi huu akitaka ng'ambo, kwa hivyo nieleze, kwa sababu huko jibu la swali la "kuwahi" linageuka.

Uingereza maombi hupitia mtambo mmoja, UCAS. Oxford na Cambridge hufunga 15 Oktoba, vyuo vingine vingi katikati ya Januari. Tazama KCSE: matokeo hutoka Januari hiyohiyo. Kwa hivyo wa kidato cha nne anapanga kwa mwaka unaofuata, si huu, tena vyuo vingi vitamtaka mwaka wa matayarisho kwanza kwa sababu KCSE peke yake hawaihesabu sawa na mitihani yao ya A-level. Baadhi ya vyuo vinadai LNAT, mtihani wa kuingilia sheria: maswali 42 ya kuchagua kwa dakika 95, kisha insha ya dakika 40. Usajili hufunguliwa Agosti, mtihani huanza Septemba, na anayeomba Oxford lazima aufanye kabla ya katikati ya Oktoba. Unaufanya mara moja tu kwa msimu.

Marekani sheria haisomwi baada ya sekondari. Unamaliza digrii yoyote, kisha miaka 3 ya JD, digrii yao ya sheria. Vyuo vingi hufungua maombi karibu Septemba na hufunga kati ya Februari na masika, lakini huyasoma kadiri yanavyokuja na kutoa nafasi na fedha njiani. Anayetuma Oktoba anakuta meza imejaa chakula. Anayetuma Machi anakuta sufuria ikikwanguliwa. Hapo ndipo dai la #1 ni kweli. Mtihani ni LSAT, alama 120 hadi 180, na tangu Agosti 2024 ile sehemu ya michezo ya mantiki imeondolewa, kwa hivyo kwenye vitabu vya zamani vya mazoezi ruka sehemu hiyo. Kosa la Mkenya huwa transkripti: chuo chako lazima kiitume chenyewe moja kwa moja kwa LSAC, wenye mtihani huo, na ofisi ya msajili ikichelewesha bahasha, maombi yako yote yanakaa "haijakamilika" ingawa insha ulituma Septemba. Tarehe yako ni ile ya karatasi ya mwisho kufika.

#30 Binti wa Shela
Na akirudi? CLE watakagua masomo 16 ya msingi. Mikataba, jinai, katiba, ardhi, ushahidi, amana na mengine. Lisilokuwepo anasomeshwa hapa kabla ya Karen. JD ya huko haina ardhi ya kwetu. Na aliyesoma nje jedwali linamtaka vigezo vya KCSE bila mjadala wa "au".

#31 Mla Mahamri
Na aliyesoma sharia Khartoum au Madina? Huyo si ndiye mwanasheria hasa?

#32 Maalim wa Siyu
Huyo njia yake ni ya kadhi. Katiba ibara ya 170 inamtaka awe Mwislamu mwenye elimu ya sharia inayofaa. Karen ni jambo jingine. Kama digrii yake ina sharia peke yake, yale masomo 16 hana. Ziko digrii za nje zinazochanganya sharia na sheria. Hizo hukaguliwa somo kwa somo.

#33 Wakili wa Baraza (Malindi)
Na akiwa na vyote viwili, aje Malindi, nitampa kiti. Urithi na ardhi ndiyo mkate wa huku.

Hilo linanikumbusha: mahali ambapo kuwahi kunasaidia bila ubishi ni uanagenzi. Lamu ofisi za mawakili ni chache, na kila wakili ana meza mbili tatu. Anayetaka Lamu au Malindi aandike barua akiwa bado katikati ya mwaka wa Karen, asingoje mtihani wa mwisho. Anayekuja Januari na begi mkononi anakuta mtu amekwisha kukaa.

#34 Ngomeni_77
Kuna jambo la kalenda yetu pia. Ramadhani sasa inaangukia Februari, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Kwa miaka hii wanaoingia Karen wanaanza darasa na saumu pamoja. Huyu wa 2031 atakuta Ramadhani imekwisha kurudi Desemba, kwenye mitihani au likizo.

#35 Mla Mahamri
Basi huyo ndiye mwenye bahati kuliko wote. Asubiri Septemba.

#36 Kijana wa Mokowe
Nimeshukuru nyote. Nimehamia Septemba, nusu nusu. Barua ya kibinafsi tutaiomba, karo hatulipi. Fundi, nimejaribu kumwingizia kwenye tovuti ya KUCCPS kuona klasta zake. Nambari ya cheti cha kuzaliwa imekataa mara tatu.

#37 Fundi wa Fomu (Langoni)
Acha kujaribu. Kwenye cheti kuna nambari mbili: ya ingizo, na ya karatasi yenyewe. Umeweka ipi?

#38 Kijana wa Mokowe
Ile kubwa nyekundu.

#39 Fundi wa Fomu (Langoni)
Hiyo ni ya karatasi. Weka ya ingizo. Ikikataa, weka nambari ya mtihani wa KCPE, yote, bila nafasi katikati. Na ukifanikiwa, kabla ya kutazama klasta, soma jina lililoandikwa juu ya ukurasa. Niandikie hapa limeandikwaje.

#40 Kijana wa Mokowe
Ya KCPE imekubali. Jina: Muhamed.

#41 Fundi wa Fomu (Langoni)
Na kwenye cheti cha kuzaliwa?

#42 Kijana wa Mokowe
Mohamed.

#43 Mla Mahamri
Mola wangu. Chai imepoa.

#44 Fundi wa Fomu (Langoni)
Kitambulisho amekwisha kukiomba?

#45 Kijana wa Mokowe
Bado, anatimiza 18 mwezi ujao.

#46 Fundi wa Fomu (Langoni)
Basi hamjachelewa. Njooni na karatasi zote mbili, si picha ya simu.